Kuichangia shule tuliyosoma: usiku wa harambee, kundi la WhatsApp, ada ya mwezi au kupeleka vifaa?

Mimi ni mweka hazina wa wasichana waliomaliza kidato cha nne mwaka 2003 kwenye shule moja ya bweni ya serikali hapa Tanzania. Kazi hii sikuiomba. Mtu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, "Mama Junior yuko benki, yeye ndiye ashike hela," na kabla sijajibu kwamba hela ninazohesabu pale dirishani ni za watu, dole gumba zilikuwa zimeshajaa.

Huu ni mwaka wa sita. Tumepitia njia nne za kuichangia shule, na kila mara mtu wa darasa lingine ananipigia kuuliza aanze na ipi. Namjibu kwa swali: mnataka kununua nini? Choo cha matundu manane, pedi za mwaka mzima, na nauli na godoro la mtoto mmoja anayekwenda kidato cha tano ni mizigo mitatu tofauti. Njia inayobeba mmoja itauangusha mwingine. Sisi tulianza na iliyo ghali kuliko zote, basi na hapa naanza nayo.

Usiku wa harambee

Ndiyo inayokuja kichwani kwanza kwa sababu tumeizoea kwenye harusi: kamati, kadi, ukumbi, mshereheshaji, mgeni rasmi, mnada wa keki. Na inafurahisha, sitasema uongo. Watu waliokuwa hawajaonana tangu siku ya mtihani wa mwisho walikumbatiana mlangoni wakalia mpaka wanja ukachuruzika.

Lakini chukua kalamu. Tuseme kadi ni shilingi 50,000 na mmepata watu 200. Hiyo ni milioni 10. Chakula na vinywaji kwa 30,000 kila kichwa, milioni 6 imekwenda. Ukumbi, mapambo, muziki na mshereheshaji, mkibana sana, milioni 2 na nusu. Mnabaki na milioni 1 na nusu, na mpiga video bado anawadai. Kila mmoja wa wale 200 angetuma 10,000 akiwa amelala kitandani kwake, shule ingepata milioni 2.

Watetezi wa sherehe wanasema hela haiko kwenye kadi, iko kwenye ahadi. Ni kweli kwa usiku ule. Ukumbini kila mtu ni tajiri: jina lako linatajwa, meza yako inapiga vigelegele, unausikia mdomo wako ukisema laki tano. Ahadi ni deni, tunasema, ila deni hili halina mdai. Mweka hazina ndiye anayepiga simu, na akipiga ya tatu anaonekana yeye ndiye mwenye njaa. Kwetu hata nusu ya ahadi haikufika. Ya mwisho kulipwa ililipwa baada ya miezi 14, na shoga yangu aliyeilipa aliomba radhi kama mtu aliyechelewesha mahari.

Halafu kuna mgeni rasmi. Akiwa mwanasiasa atakuja na marafiki zake, atatoa kitita, watu watashangilia, na kuanzia hapo choo ni chake. Kule Kenya, ambako harambee imekuwa jukwaa la wanasiasa tangu enzi za Mzee Kenyatta, mambo yalifika mahali ambapo Julai 2024 Rais Ruto alitangaza kuwazuia viongozi na watumishi wa umma kushiriki michango ya namna hiyo. Sisi hatujafika huko, ila ukiona mwaka wa uchaguzi unakaribia, mgeni rasmi mtafute miongoni mwa walimu wenu wastaafu.

Sherehe ina mahali pake, nako ni jubilei. Shule za Mang'u na Alliance za Kenya zilianzishwa 1925 na 1926; miaka mia ya shule haiji mara mbili katika maisha ya mtu, na watu watapanda ndege kwa ajili yake. Pia inafaa pale ambapo wahitimu hawajuani kabisa na hamna hata orodha ya namba za simu. Hapo hesabuni kwamba mnanunua orodha. Hela ikipatikana ni nyongeza.

Kundi la WhatsApp

Hii haina gharama na ina kasi. Mwenzetu alipofiwa, milioni moja na laki mbili ziliingia kati ya sala ya alasiri na ya isha. Kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa bweni lililoezuliwa na upepo jana usiku, sijaona kinachoishinda.

Ubaya wake nitauonyesha kwa ile orodha. Kila aliyewahi kuwa kwenye kamati anaijua: inaanza na neno MICHANGO kwa herufi kubwa, halafu 1. Mama Brian 50,000, alama ya vema, 2. Dada Neema 20,000, na kuendelea. Anayechangia anainakili, anaongeza jina lake chini, anairudisha kundini. Siku moja watu wawili waliinakili dakika ile ile. Mmoja akairudisha na jina lake likiwa namba 17, mwingine naye akairudisha na lake likiwa namba 17, na kuanzia hapo kila aliyenakili alinakili ya pili. Jina la wa kwanza likapotea. Hakusema kitu. Wiki mbili baadaye akatoka kundini, na ilibidi nipande daladala mbili kwenda kwake na karatasi ya miamala kumwonyesha kwamba elfu thelathini yake ipo. Sasa orodha inaandikwa na mtu mmoja tu, mara moja kwa siku, saa tatu usiku, na ni marufuku kuinakili.

Kosa la pili lilikuwa kuandika kiasi. Tulidhani aliyetoa laki mbili atawavuta wengine juu. Kumbe anawafunga mdomo wenye elfu tano. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto wanne hawezi kuandika 5,000 chini ya 200,000 ya mtu wa bandarini. Ananyamaza, na ukimya ukizidi anatoka. Tulipoanza kuweka jina na alama ya vema bila kiasi, wachangiaji waliongezeka. Wale wa laki mbili mmoja wao alishuka hadi laki. Nilikubali biashara hiyo bila kujiuliza mara mbili.

Udhaifu ambao sijapata dawa yake ni kwamba kundi huchangiwa na watu wale wale. Ukichangisha mara nne kwa mwaka, hao thelathini wanachoka, na wengine wamejifunza kwamba kukaa kimya hakuna gharama.

Ada ya kila mwezi

Hii kwenye karatasi inapendeza mno. Wanachama 60, elfu tano tu kwa mwezi, miezi 12: milioni 3 na laki sita, bila ukumbi wala keki. Kwenye kikao kila mtu alisema elfu tano ni vocha.

Mwezi wa kwanza walilipa 57. Wa nne, 22. Hawakukosa elfu tano. Tatizo ni limbikizo: aliyesahau miezi miwili anadaiwa kumi, akisema atalipa zote mwisho wa mwezi, zinakuwa kumi na tano. Anayedaiwa arobaini hapokei tena simu yangu hata nikimpigia kumsalimia. Ada ya mwezi ilinifanya nipoteze marafiki ambao harambee ilikuwa imenirudishia.

Kama mnaitaka, ziko njia tatu za kuinusuru. Ya kwanza, mwenye akaunti aiagize benki yake ikate yenyewe kila siku ya mshahara, asiulizwe tena. Ya pili, msio na mishahara lipeni mara moja kwa mwaka, na isiwe Januari, mwezi wa sare na madaftari. Sisi tumechagua Novemba, mwezi tuliofanyia mtihani, na kumbukumbu inasaidia. Ya tatu ndiyo ngumu kupitisha kikaoni: kila mwaka futeni malimbikizo yote. Anayerudi arudi bila deni. Wazee wa kamati watapiga kelele kwamba mnawazawadia wakorofi. Waacheni wapige.

Hela ya namna hii ni ya vitu vinavyorudi kila mwezi: pedi, bando la intaneti la maabara, posho ya mwalimu wa kujitolea wa hesabu. Ujenzi usiuguse. Mtakuwa mnanunua saruji mifuko mitano mitano, na ya kwanza itaganda kabla ya ya mwisho kufika.

Kupeleka vifaa

Baada ya hayo yote kundi likachoka na hela likasema: tununue kitu, kionekane. Tukanunua simtanki la lita 5,000, kwa sababu wote tuliosoma pale tuna kumbukumbu moja, ya kushuka bondeni saa kumi na moja alfajiri na ndoo kichwani na kupanda nayo nusu ikiwa imeshamwagika mgongoni. Tulikodi Fuso, tukaenda watu tisa, tukapiga picha na mkuu wa shule.

Nilirudi baada ya muhula mmoja. Tanki lilikuwa limelala ubavu nyuma ya jiko, kuku wamelalia ndani. Hakuna aliyekuwa amejenga msingi wa kuliweka, bwenini hakukuwa na mifereji ya kukusanya maji ya mvua, na bomba na koki hazikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Siwezi kuilaumu shule. Ni sisi tuliopeleka zawadi ambayo ni theluthi moja ya kazi. Fundi alipopiga hesabu, msingi, mifereji na mabomba vilizidi bei ya tanki lenyewe.

Pamoja na aibu hiyo, kwa shule ya serikali vifaa vina faida ambayo wengi hawaijui mpaka wakwame. Hela ikishaingia kwenye akaunti ya shule ni fedha ya umma: inaingizwa kwenye bajeti, manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaweza kuja kuuliza. Ni utaratibu mzuri na mimi kama mtu wa benki nauheshimu, ila una hatua zake, na wachangiaji wenu wanataka picha kabla ya mwezi kuisha. Isitoshe, tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wakuu wa shule wengi wakisikia neno mchango wanaangalia mlango. Andikeni barua kwa mkuu wa shule, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkieleza kwamba ni zawadi ya wahitimu na hakuna mzazi anayedaiwa. Mkikabidhi, hakikisheni kifaa kimeingizwa kwenye leja ya shule mkiwa mmesimama pale. Mkuu wa shule akihamishwa, kisicho kwenye leja hakina mwenyewe.

Hela ipokelewe wapi

Hili watu huliacha mwisho, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Namba ya simu ya mweka hazina ni rahisi, kila mtu anayo, na ni kosa. Mara ya kwanza nilipotangaza namba yangu nilikuwa nimesahau kwamba nadaiwa mkopo mdogo wa salio kwenye laini ile ile. Elfu ishirini ya mchangiaji wa kwanza iliingia, mtandao ukakata chake, na nikabaki naangalia elfu kumi na tatu ya watu. Nilifidia usiku ule ule, lakini fikiria ningekuwa sina. Halafu kuna mambo ya "tuma na ya kutolea": mwingine anaikumbuka, mwingine haikumbuki, na kila anayesahau anakupunguzia.

Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi ni bora mara kumi, kwa sababu anayetuma anaona jina la kikundi, si la mtu. Na ikiwezekana chukueni ile inayouliza namba ya kumbukumbu, mchangiaji aandike mwaka aliomaliza. Wakenya wanafanya hivyo kwenye Paybill, namba yao ya malipo ya M-Pesa: sehemu ya akaunti mtu anaandika 1998 au jina la bweni, na jioni mweka hazina anajua darasa gani limelala.

Juu ya hapo ni akaunti ya benki ya chama kilichosajiliwa, kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, au chenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao na watia saini wasiopungua wawili, na nawasihi wasiwe mke na mume. Kwa darasa moja linalonunua tanki huo ni mzigo mkubwa kuliko tanki. Kwa chama cha shule nzima, msipofanya hivyo mnajitafutia kesi.

Kama miongoni mwenu kuna wenye kampuni, wakumbusheni kuhusu Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, iliyoundwa kwa Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001. Mchango unaopita kwenye mfuko ule unatambuliwa wakati wa kukokotoa kodi ya mapato ya mchangiaji. Mtu wa elfu kumi haimhusu. Mwenye kampuni anayetaka kujenga maabara, mhasibu wake atalipenda.

Walio ughaibuni ni mtihani wa peke yake. Programu nyingi wanazotumia kutuma hela nyumbani zimejengwa kwa ajili ya mtu kumtumia mtu, kwa hiyo mara nyingi inabidi hela ije kwa jina la mmoja wenu kisha aihamishe. Chagueni mtu huyo mapema, na awe anatoa picha ya miamala yote miwili. Aliye Marekani atawauliza pia kama mchango utampunguzia kodi. Akiutuma moja kwa moja kwa chama cha huku, haumpunguzii. Sheria yao inataka upitie taasisi ya hisani iliyosajiliwa kwao.

Wamarekani wenyewe wanalo la kutufundisha. Wana vile vyama vya wanafunzi wa vyuo vyenye majina ya herufi za Kigiriki, kama Alpha Phi Alpha cha mwaka 1906 pale Cornell au Alpha Kappa Alpha cha akina dada wa Howard, 1908, ambavyo wanachama wake huendelea kuvichangia wakiwa na mvi. Huko kwa kawaida kuna vyungu viwili. Cha chama chenyewe kinalipa sherehe, fenicha, paa la nyumba wanamoishi, na anayekichangia hapati nafuu ya kodi. Cha pili ni mfuko wa elimu, unaotoa ufadhili wa masomo, na huo kodi inautambua, ila hauruhusiwi kulipia karamu. Kodi yetu haitulazimishi kutenganisha hivyo, na matokeo yake hela ya keki na hela ya choo zinalala kwenye pochi moja. Sisi tumetenganisha. Soda za kikao tunachangishana papo hapo, mkononi, na haziandikwi kwenye kitabu cha shule.

Mimi ningechagua hivi

Darasa moja, kitu kimoja chenye bei kamili hadi koki ya mwisho, wiki sita, kisha mnafunga hata kama watu wanaomba muda. Lipa namba ya kikundi. Orodha ya majina bila kiasi. Sherehe isubiri jubilei, ada ya mwezi isubiri mpate watu ishirini walioagiza benki iwakate.

Na muombaji asiwe mweka hazina. Hili lilinichukua miaka minne kuliona. Nilikuwa naandika ujumbe mmoja mzuri kwa watu wote, nao ukasomwa na wote na kujibiwa na thelathini. Safari ya kukamilisha tanki nikagawa majina kwa mabweni, na ndani ya bweni kwa vyumba. Kila chumba kikapata mtu mmoja wa kupiga simu, si kuandika. Mwanamke aliyelala kitanda cha juu yako miaka minne, aliyekufunika shuka ulipokuwa na malaria, akikupigia na kusema "Wewe, lile tanki letu," huwezi kumwambia mtandao unasumbua. Watu 19 ambao hawakuwahi kutoa hata mia tangu kundi lianzishwe walitoa. Mmoja alitoa elfu mbili na akamwomba aliyempigia asimwambie mtu kwamba alilia.

Kazi ilikamilika wiki moja kabla ya mvua za vuli. Zilipoanza, matroni ndiye aliyetupigia video, simu ikitetemeka mkononi: binti wa kidato cha kwanza anafungua koki, maji yanatoka kwanza meusi kwa vumbi la mabati, kisha yanatakata, na nyuma yake foleni ya wenzake wanacheka. Niliiweka kundini saa tatu usiku pamoja na picha za risiti, nikaandika kwamba mchango umefungwa.

Kesho yake asubuhi miamala mitatu ikaingia kwenye lipa namba ambayo nilikuwa nimeshatangaza kuifunga. Mmoja, kwenye sehemu ya kumbukumbu, badala ya 2003 alikuwa ameandika NDOO.